Dirisha Lisifungwe

Hoja iliyo mezani ni moja. Je, huduma za umma, kuanzia pasipoti na leseni ya udereva hadi tiketi ya basi na umeme wa nyumbani, zitolewe kwa njia ya mtandao pekee? Au serikali iendelee kuwajibika kumpokea mtu aliyekuja kwa miguu yake, ana fedha mkononi na swali mdomoni? Sauti tano zitapinga au kuhoji msimamo wangu, nami nitazijibu. Kila moja nimeiachia nafasi ya kusema kwa nguvu zake zote, kwa sababu hakuna hata moja iliyo ya kupuuzwa.

MWANDISHI

Sipingi mifumo. Kenya ilianzisha mfumo wa mtandaoni wa eCitizen mwaka 2014, na tarehe 30 Juni 2023 serikali yake ikatangaza kwamba huduma 5,000 zimeingizwa humo. Tanzania imeelekeza malipo ya taasisi za umma kwenye mfumo mmoja, ambapo kila anayelipa hupewa namba yake ya malipo na fedha huingia benki bila kupita mfukoni mwa karani. Rwanda nayo ina mfumo wake, Irembo. Mtu wa Lodwar au Kigoma aliyekuwa akisafiri siku nzima kufuata fomu ya kurasa mbili sasa anaweza kuijaza akiwa kwake. Hayo ni maendeleo ya kweli, na anayetaka kuturudisha kwenye mafaili yaliyofungwa kamba hatutakii mema. Ninachokipinga ni hatua inayofuata baada ya hapo, tena kimyakimya: dirisha linafungwa, karani anahamishwa, na tangazo linabandikwa mlangoni kwamba maombi yote yafanyike mtandaoni. Kuanzia siku hiyo asiye na simu janja, asiye na bando, asiyejua kusoma, aliyeibiwa simu jana, au ambaye jina lake limekosewa kwenye kumbukumbu, hana pa kwenda. Ninasema mtandao uwe njia bora ya kupata huduma lakini usiwe njia ya lazima, na kila huduma ya umma ibaki na dirisha lenye mtu mwenye mamlaka ya kuamua, linalogharamiwa na umma mzima.

Ushahidi wa kwanza tunao nyumbani. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, simu za Wakenya wengi zilikuwa vitochi visivyo na intaneti. Huduma ile ilijengwa juu ya laini ya simu na ujumbe mfupi, na juu ya jambo la tatu ambalo wasifiaji wake wa ng'ambo hulisahau: wakala. Alikuwa mtu mwenye kibanda mtaani, daftari la kuandikia miamala na droo ya fedha taslimu. Aliyetaka kutuma fedha kijijini alimkabidhi noti binadamu mwenzake, akaona jina lake likiandikwa, na upande wa pili ndugu yake akapokea noti kutoka kwa binadamu mwingine. Teknolojia inayosifiwa kuliko zote zilizokulia kwetu ilifika kila mtaa kwa kuongeza madirisha. Na ilibidi iwe hivyo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, miaka mitano baada ya eCitizen kuanza, ilikuta kwamba asilimia 47.3 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu ya mkononi, na asilimia 22.6 tu ndio waliotumia intaneti. Hesabu hizo zimepanda tangu wakati ule. Lakini haki ya mtu kupata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe haipaswi kusubiri takwimu zipande.

KIJANA WA MIFUMO

Shikamoo, Mwandishi. Hesabu hizo ndizo zinazonifanya nitake kulazimisha. Kila jambo jipya huanza na wachache, kisha wengi hujifunza wanapokuwa hawana njia nyingine. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014, na jiji halikusimama. Huko Sweden watu wamekwisha sahau kubeba noti. Sisi hapa angalia foleni ya tiketi za mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam asubuhi: karani hana chenji, abiria anasubiri kipande cha karatasi, basi linakuja na kuondoka yeye bado yuko nje. Ukiacha dirisha wazi watu hawataacha mazoea, na mfumo utabaki nusu milele.

MWANDISHI

Marahaba, kijana wetu. Mfano wa London ni mzuri, nami naomba tuutazame kwa karibu, kwa sababu mwezi uleule wa Julai 2014 jiji la Nairobi nalo lilitakiwa kuondoa fedha taslimu kwenye matatu. Mashine zilikuwapo. Benki ya Equity na Google walikuwa wametoa kadi ya BebaPay tangu mwaka 2013, na kampuni nyingine nazo zikaleta kadi zao. Serikali iliweka tarehe, ikaisogeza, ikaisogeza tena, na hatimaye amri ikafa. BebaPay yenyewe ilifungwa mwaka 2015. Wengi walisema ni ukaidi wa makanga. Mimi nasema tatizo lilikuwa kwamba aliyetunga amri hakujua matatu inaishije. Dereva na makanga wengi hawana mshahara. Humpelekea mwenye gari kiasi walichopangiwa kwa siku, na kinachobaki ndicho chakula chao. Mafuta hununuliwa kwa fedha ya safari iliyotangulia. Nauli hupanda mvua ikinyesha na hushuka saa za mchana. Kadi iliyotuma kila shilingi moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari ilikuwa inawaambia watu wawili wafanye kazi kuanzia alfajiri bila kushika chochote hadi mtu mwingine aamue kuwalipa. Tena kadi ya kampuni moja haikusomwa na mashine ya kampuni nyingine, hivyo abiria anayebadili gari mara mbili angehitaji kadi mbili kwa safari moja.

Sasa tazama London ilivyofanya. Kabla ya kuondoa sarafu kwenye basi, jiji lilikuwa na maelfu ya maduka ya mitaani ambako mtu huongeza salio la kadi ya Oyster kwa fedha taslimu. Dirisha lilitolewa ndani ya basi likahamia dukani, hatua chache kutoka kituoni. Kisha kikawekwa kipengele kinachomruhusu abiria ambaye salio lake halitoshi kupanda safari moja zaidi, na deni lilipwe atakapoongeza salio. Dereva wa London ana mshahara uleule, abiria awe amelipa kwa kadi au kwa sarafu. Kwa hiyo London haikulazimisha kwanza na kufikiri baadaye. Kigali nayo, ilipoanza kadi za Tap&Go mwishoni mwa mwaka 2015, ilikuwa imekwisha kugawa njia za mabasi kwa zabuni kati ya kampuni na vyama vya ushirika vichache, na kadi hizo ziliuzwa na kuongezwa salio na mawakala waliosimama vituoni wakipokea fedha taslimu. Miji mitatu, chombo cha aina moja, na matokeo tofauti kabisa. Palipofanikiwa, watu waliokuwa kati ya abiria na mashine walipangiwa nafasi yao. Na Nairobi imetoa ushahidi wa pili baadaye: siku hizi malipo kwa simu yameenea kwenye matatu bila amri ya mtu, kwa sababu makanga na abiria wote wawili wameona faida, na asiye na salio bado anatoa noti.

Kuhusu Sweden na jirani zake, kijana, habari zimebadilika. Norway, mojawapo ya nchi zinazotumia fedha taslimu kidogo kuliko zote duniani, iliimarisha sheria yake kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 ili mnunuzi asinyimwe haki ya kulipa kwa noti mahali anapohudumiwa na muuzaji. Sweden yenyewe, katika kijitabu cha tahadhari za vita na maafa kilichopelekwa majumbani mwishoni mwa mwaka 2024, iliwashauri raia wawe na akiba ya fedha taslimu. Uingereza ilijaribu mwaka 2023 kufunga madirisha mengi ya tiketi katika stesheni za reli. Hoja ilikuwa yako hii: abiria wengi wanakata tiketi kwa simu. Maoni ya wananchi karibu 750,000 yakatumwa, yakiwamo ya vipofu, wazee na watu wenye ulemavu walioeleza kwamba anayewauzia tiketi ndiye pia anayewaelekeza jukwaa na kuwasaidia kupanda. Tarehe 31 Oktoba 2023 serikali ikazitaka kampuni za reli ziuondoe mpango. Waliotangulia njiani wamerudi hatua kadhaa, nasi tunakimbilia pale walipoondoka.

Foleni ya mwendokasi ni kweli, tena inaumiza. Dawa yake ni madirisha zaidi, chenji ya kutosha, na kadi rahisi kwa abiria wa kila siku ili wao waondoke kwenye foleni kwa hiari. Wanaobaki dirishani watakuwa wachache: mgeni, mgonjwa aliyekuja hospitali ya Muhimbili kutoka mkoani, mtoto wa shule aliyepoteza kadi. Hao ndio waliowekewa dirisha.

MPIGA VITA RUSHWA

Mwandishi, unazungumza kana kwamba dirisha ni mahali pa huruma. Kwa miaka mingi dirisha ndilo lililokuwa mahali pa kutolea kitu kidogo. "Faili halionekani, njoo kesho." Ukitoa chochote, faili linaonekana leo. Mashine haiombi chai. Ukirudisha binadamu, umerudisha mkono ulionyooshwa.

MWANDISHI

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ninakubali nusu yake. Mfumo wa malipo ulioondoa fedha mikononi mwa makarani umeokoa fedha nyingi za umma, na ninataka ubaki. Lakini tuangalie rushwa inakaa wapi. Inakaa pale ambapo mtu mmoja ana mambo matatu kwa pamoja: anapokea fedha, anaamua nani apite, na hakuna anayeona anachofanya. Ukiondoa binadamu anayeonekana, ukamwacha anayeamua akiwa amejificha nyuma, rushwa inahama tu. Pasipoti za Kenya ni mfano ulio wazi. Maombi yake hujazwa mtandaoni, malipo hufanyika mtandaoni. Pamoja na hayo, mwaka 2023 wachunguzi walivamia ofisi za uhamiaji za Nyayo House jijini Nairobi na kuwakamata maafisa kwa tuhuma za kudai rushwa, wakati maelfu ya waombaji wakisubiri vitabu ambavyo havijachapishwa. Fomu ilikuwa ya kisasa mwanzo hadi mwisho. Mlungula ulisubiri katika chumba cha uchapishaji, mahali ambapo mwombaji hana dirisha la kuuliza. Aliyekuwa na mtu wa ndani alipata pasipoti, asiye naye alitazama neno "inashughulikiwa" kwenye simu yake mwezi baada ya mwezi.

Dirisha ninalolitetea halipokei fedha kwa siri. Linatoa stakabadhi ya mfumo uleule, linaona hatua zote za ombi kama anavyoziona mwombaji, na anayekaa hapo si yule anayeidhinisha. Vituo vya Huduma vya Kenya, cha kwanza kikifunguliwa Nairobi mwaka 2013, vimeonyesha kwamba inawezekana: ukumbi mmoja, kaunta nyingi za idara mbalimbali, namba za foleni, na kila karani akifanya kazi mbele ya macho ya watu. Tanzania nayo imeanza vituo vya Huduma Pamoja ndani ya ofisi za Posta. Mashine ikae nyuma ya dirisha ikimsaidia na kumchunga karani, naye karani akae mbele akimsikiliza mtu. Rushwa hupungua pande zote mbili zinapoonana.

MHASIBU WA WIZARA

Nimesikiliza kwa heshima. Naomba kuuliza nani atalipa. Karani ana mshahara, ana likizo, ana pensheni, na ofisi ina kodi na umeme. Seva moja inahudumia watu milioni moja. Bajeti zetu zinajulikana, na kila shilingi ya dirisha ni shilingi iliyotoka hospitalini.

MWANDISHI

Ndugu Mhasibu, gharama ya dirisha haikufutwa lilipofungwa. Imehamishiwa kwa mwananchi, na ndiyo maana haionekani kwenye vitabu vyako. Nenda nje ya ofisi yoyote ya serikali kuanzia Kisumu hadi Mbeya utaikuta imejipanga: Kenya inaitwa saiba, Tanzania ni duka la stesheneri. Hapo ndipo mlipa kodi asiyejua kompyuta anakwenda kujaziwa taarifa za mapato, mhitimu anajaziwa maombi ya ajira, mzazi anahakikishiwa cheti cha kuzaliwa ili mwanawe aombe mkopo wa chuo. Kila mmoja analipa. Analipa nauli ya kwenda, analipa anayemjazia, analipa kuskani, na mara nyingi analipa makato ya kutuma fedha. Tanzania ilipoweka tozo ya miamala ya simu mwezi Julai 2021 ilibidi ipunguzwe mwezi Septemba mwaka uleule, na kupunguzwa tena mwaka 2022, kwa sababu wananchi walilalamika na wengi wakaacha kutuma fedha kwa simu. Kwa huduma ambayo haina mlango mwingine, makato kama hayo ni ada ya lazima juu ya ada.

Kuna gharama kubwa kuliko fedha. Asiyejua kujaza fomu mwenyewe humpa kijana wa saiba namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama na nywila. Mara nyingi nywila hiyo huandikwa kwenye daftari la duka ili mteja asiisahau, na barua pepe iliyotumika ni ya duka. Tumetunga sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, kisha tukajenga huduma ambazo mamilioni hawawezi kuzipata bila kumkabidhi mtu asiyewajibika kwa yeyote siri zao zote. Karani wa umma akivujisha taarifa zangu najua pa kumshtaki. Kijana wa saiba hana mkataba na mtu.

Fedha za kugharamia dirisha zipo mahali panapofahamika. eCitizen hutoza ada ya ziada ya shilingi 50 za Kenya kwa malipo mengi, ada ambayo Mahakama Kuu mwaka 2025 iliikataa katika suala la karo za shule, pamoja na agizo lenyewe la kuwalazimisha wazazi kulipia humo. Kama wananchi wanatozwa kwa ajili ya urahisi, basi urahisi huo umfikie pia asiye na simu. Majengo tunayo: ofisi za Posta ambazo barua zimezikimbia, ofisi za watendaji wa kata, ofisi za machifu. Dirisha moja la kata linaweza kushughulikia idara kumi, kwa sababu mfumo uliopo nyuma yake ni mmoja. Hapa ndipo seva yako inapofanya dirisha liwe rahisi kuliko lilivyowahi kuwa.

MWENYE SAIBA

Na mimi je? Nimekopa kununua kompyuta tatu na printa. Serikali ikifungua dirisha la bure jirani yangu, watoto wangu watakula nini?

MWANDISHI

Dada, wewe ndiye uliyeibeba serikali begani wakati ilipoondoka dirishani, na unastahili mkataba. Rwanda imeonyesha njia: Irembo ina mawakala waliosajiliwa nchi nzima ambao humsaidia asiyeweza kujihudumia. Wewe nawe usajiliwe, ufundishwe kutunza siri za watu, bei yako ibandikwe ukutani, na kwa wateja wasio na uwezo ulipwe kamisheni na mfuko wa umma kama wakala wa fedha anavyolipwa kamisheni na kampuni ya simu. Utakuwa dirisha halali. Lakini usiwe dirisha pekee, kwa sababu huna mamlaka ya kurekebisha jina lililokosewa wala ya kusema ombi hili likubaliwe.

MTETEZI WA HAKI

Hapo umenigusa. Unataka mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Wanubi wa Kenya wanamjua mtu huyo. Kwa miongo kadhaa kijana wa Kinubi wa Kibera, au Msomali wa Garissa, hakupewa kitambulisho kama jirani zake; alipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa, akaulizwa maswali ya babu zake, akaambiwa alete hati ambazo hakuna Mkenya mwingine aliyeombwa. Kwetu sisi dirisha lilikuwa lango lililofungwa. Mashine isiyojua kabila ni nafuu.

MWANDISHI

Ndugu yangu, maumivu hayo ni ya kweli, na ni vyema kwamba Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa uhakiki huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Lakini tufuate kisa cha Garissa hadi mwisho. Wakati wa njaa na ukame, maelfu ya Wakenya wa Kisomali walijiandikisha katika kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula. Alama za vidole vyao zikaingia kwenye kumbukumbu za wakimbizi. Walipofikia umri wa kuomba kitambulisho, mashine ilisoma vidole na kujibu: huyu ni mkimbizi. Mashine ile haikuwa na kabila, haikuwa na chuki, na ilikuwa na uhakika kamili. Iliwanyima uraia wao kwa miaka, na hakuna kitufe ambacho kingeweza kusema "nilikuwa na njaa". Ni binadamu tu, anayeisikia habari hiyo na mwenye nguvu kisheria ya kuandika uamuzi tofauti na wa mashine, anayeweza kuifungua kesi ya aina hiyo.

Uganda imepita njia hiyohiyo kwa upande wa wazee. Posho ya wazee ya SAGE, shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi, iliunganishwa na kitambulisho cha taifa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2021 na mashirika ya haki ya Uganda pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York ilieleza jinsi wazee walivyokosa posho kwa sababu tarehe ya kuzaliwa iliandikwa vibaya, au kwa sababu vidole vilivyoshika jembe miaka sitini havikusomeka. Mzee wa miaka 80 ambaye kadi inasema ana 65 hawezi kubishana na kadi. Mahakama Kuu ya Kenya iliona hatari hiyohiyo katika hukumu yake ya Januari 2020 kuhusu Huduma Namba, mfumo wa taifa wa utambulisho, ilipotahadharisha kwamba wasio na hati na wenye alama za vidole zisizosomeka wanaweza kuachwa nje, na kutaka kwanza kuwe na utaratibu wa kisheria.

Kwa hiyo ninakubaliana nawe kwamba mamlaka ya binadamu bila masharti ni hatari. Masharti yake tunayo. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka na za haki, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Karani wa Kibera aliyelazimika kuandika kwa mkono wake kwa nini amemkataa kijana huyu na kumkubali yule, akaweka jina na tarehe, angefikiri mara mbili. Mashine nayo ifungwe na sharti hilohilo: ombi lililokataliwa na mfumo lipelekwe dirishani ndani ya muda uliotajwa, na mtu mwenye jina aandike sababu. Ninalolitaka ni binadamu anayewajibika, si binadamu yeyote.

KIJANA WA MIFUMO

Nimebadilika kidogo, sikatai. Lakini makosa ya kumbukumbu yanasafishika. Mifumo inazidi kuwa imara kila mwaka. Je, tugharamie njia mbili daima kwa sababu ya dosari za leo?

MWANDISHI

Daima, ndiyo, kwa sababu mfumo hulala hata ukiwa hauna dosari. Mei 2021 mfumo wa LUKU wa kununua umeme nchini Tanzania ulipopata hitilafu, wateja wa shirika la umeme, TANESCO, walikaa siku kadhaa wakishindwa kununua umeme, wengine gizani wakiwa na fedha mfukoni. Mwishoni mwa Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa, na kwa kuwa mambo mengi yalikuwa yameunganishwa, usumbufu uligusa viza, tiketi za treni ya Nairobi na Mombasa na hata ununuzi wa umeme. Serikali ya Kenya ikalazimika kuwapa wageni viza wanapowasili, yaani kurudi dirishani. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi. Mtandao pia huzimwa kwa makusudi: Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Katika siku hizo zote watoto walizaliwa, wagonjwa walihitaji rufaa, na tarehe za mwisho za maombi hazikusogea zenyewe.

Kenya imekwisha kulikubali jambo hili mahali panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura kwa vidole viligoma katika vituo vingi, na kura zikaendelea kwa daftari la karatasi. Baadaye sheria ikarekebishwa ili tume iwe na njia ya ziada pale mashine inaposhindwa. Estonia, ambayo raia wake wamepiga kura kwa intaneti tangu mwaka 2005, haijawahi kufuta kura ya karatasi, na mwaka 2017 ilipogundua udhaifu wa kiusalama katika mamia ya maelfu ya vitambulisho vyake, ililazimika kuzuia matumizi yake ya mtandaoni hadi virekebishwe. Nchi inayosifiwa kwa mifumo kuliko zote ilikuwa na karatasi ya kurudia. Tukiona busara kuwa na njia ya pili siku ya kura, ambayo huja mara moja kwa miaka mitano, kwa nini tusiione kwa leseni, umeme na cheti cha kuzaliwa, vitu vinavyotafutwa kila siku ya kazi?

Ombi langu ni kwa wabunge wa Dodoma, Nairobi na Kampala, hasa wanaokaa kwenye kamati za bajeti. Wizara inapokuja kuomba fedha za mfumo mpya, iulizwe kabla ya kupewa shilingi ya kwanza: mtu asiye na simu atahudumiwa wapi, na nani, kwa muda gani, na mfumo ukilala siku tatu stakabadhi ya karatasi itaheshimiwa na nani? Majibu yaandikwe kwenye sheria inayoanzisha mfumo huo. Wizara isiyokuwa na majibu isiruhusiwe kufunga dirisha lolote.